Nyota, kikapu au kadi? Kutuza na kutia adabu katika chuo cha Qur'ani cha watoto mtandaoni

Chukua darasa la kawaida la Jumamosi. Watoto kumi wa miaka 6 hadi 11 wanadurusu Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qur'ani, kwa Zoom. Mwalimu yuko Mombasa au Unguja. Watoto wako Temeke, Maskati, London, na mmoja yuko Toronto ambako ni asubuhi na bado hajamaliza chai. Kikao ni dakika 40, kwa kuwa Zoom ya bure hukata mkutano wa kundi hapohapo. Bakora iliyokuwa ikitundikwa ukutani haina kazi tena. Kilichobaki ni nyota, ubao wa washindi, kikapu cha darasa, kadi ya mtoto mmojammoja na zawadi za mkononi kwa upande wa kutuza. Na kuzima maiki, kukata nyota, chumba cha kusubiri, kazi ya adhabu na ujumbe kwa mzazi kwa upande wa adabu. Nyingi kati ya hizi zilibuniwa na watu ambao chuo hawakijui. Zinafaa kupimwa kabla ya kutumiwa.

Tunazipima kwa nini

Kwanza kwa uadilifu. Baba yake Nu'man bin Bashir alipompa yeye peke yake zawadi, Mtume (s.a.w.) alimwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema hapana, aliambiwa amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake (Bukhari na Muslim). Mwalimu amekaa mahali pa mzazi. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyeandika adabu za walimu katika karne ya 9, alitaka mtoto wa mkubwa na mtoto wa mnyonge wawe sawa mbele ya mwalimu wao. Mtandaoni, mtoto wa mkubwa ni yule mwenye Wi-Fi.

Pili kwa sitara. Aya ya 11 ya Sura Al-Hujurat inakataza kudharauliana na kupeana majina ya kejeli. Chuoni kosa la mtoto lilionwa na wenzake tu. Kwenye skrini linaonwa pia na mama wa mwenzake anayepita sebuleni, na huenda likarekodiwa.

Tatu kwa ukweli wa ahadi. Abdullah bin Amir anasimulia kwamba mama yake alimwita, "Njoo nikupe," na Mtume (s.a.w.) alikuwapo nyumbani kwao. Akamwuliza mama alitaka kumpa nini. Akajibu, tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo (Abu Dawud). Kila mwalimu anayesema "mkinyamaza nitawapa nyota" akaisahau kwa sababu dakika 40 zimekatika ajue amesimama wapi.

Nyota ya mtu binafsi au ubao wa washindi?

Hapa ndipo walimu wanapobishana zaidi, na wanaotetea ubao wa washindi wana hoja. Qur'ani inasema "shindaneni katika mambo ya kheri" (Al-Baqara, 148), na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliendesha mashindano ya farasi. Kweli. Lakini isome hadithi ya Ibn Umar yote, iliyopokewa na Bukhari na Muslim: farasi waliofunzwa mbio walikimbizwa kutoka al-Hafya hadi Thaniyyat al-Wada', masafa ya maili tano au sita, na wale ambao hawajafunzwa wakakimbizwa kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kama maili moja. Waligawanywa kwa uwezo kabla ya kushindanishwa. Ubao wa washindi wa darasa la mtandaoni haufanyi hivyo. Unampanga mtoto wa miaka 6 anayesoma "ba fataha ba" na wa miaka 11 aliyehitimu mara mbili katika orodha moja.

Kuna ubaya wa pili ulio wa kiufundi zaidi. Katika Kahoot, mchezo wa maswali mtandaoni, kwa mpangilio wake wa kawaida jibu sahihi la haraka kabisa hupata pointi 1,000, na kila sekunde inayopita pointi hupungua. Mtoto wa Temeke anayetumia bando la simu ya mama huliona swali sekunde kadhaa baada ya wa London. Amejua jibu, amelibonyeza, na bado yuko wa nane. Baada ya wiki tatu hajibu tena, na mwalimu anaandika kwamba mtoto ni mvivu.

Ubaya wa tatu ndio mzito kwa anayefundisha Qur'ani hasa. Bibi Aisha amepokea kwamba anayeisoma Qur'ani kwa ufasaha yu pamoja na malaika watukufu, na anayeisoma kwa kukwama huku ikimwia ngumu ana thawabu mbili (Bukhari na Muslim). Ubao wa washindi unamweka mkiani mtu ambaye hadithi imemwongezea thawabu. Ukitaka kuutumia, utumie kwa maswali ya sira (maisha ya Mtume) na nguzo za udhu, si kwa kisomo. Gawa timu za mchanganyiko wa wakubwa na wadogo. Zima kipimo cha kasi au uliza maswali kwa mdomo. Usionyeshe zaidi ya timu tatu za juu. Na uufanye mara moja kwa mwezi, si kila kikao.

Nyota ya mtu binafsi ni nyepesi zaidi na inamfaa mtoto wa miaka 5 hadi 7. Inafanya kazi kwa masharti mawili. Itolewe papo hapo, ndani ya nusu dakika ya jambo lililofanywa, kwa kuwa mtoto wa umri huo akingoja mwisho wa kikao hajui tena nyota ni ya nini. Pia isitolewe kwa hesabu ya sura. Juzuu Amma ina sura 37, lakini An-Nazi'at ina aya 46 na Al-Kawthar ina 3. Ukitoa nyota moja kwa sura, aliyeanzia mwisho atakuwa na kumi wakati mwenzake hajamaliza hata moja. Toa kwa aya tano zilizodurusiwa, au kwa siku aliyodurusu.

Kikapu cha darasa

Mwalimu anachora kikapu kwenye slaidi, na kila darasa linapofanya jema anatia tende moja. Kikijaa, darasa zima linapata kitu: kikao cha qaswida, kisa cha Mtume Yunus na samaki, au mchezo wa vitendawili. Kwa watoto kumi, tende 24 zinatosha, zisizidi tatu kwa kikao, ili kijae baada ya vikao vinane hivi. Kikihitaji zaidi ya mwezi na nusu, wadogo wanakata tamaa. Kikijaa kwa wiki moja, kinakuwa desturi na hakuna anayekijali.

Ubora wake ni kwamba haujali bando. Aliyekatika mtandao leo bado ana sehemu katika kikapu. Kasoro yake inaingia pale mwalimu anapoanza kutoa tende kwa kosa la mmoja. "Kwa sababu ya Salim, tumepoteza tende mbili." Kuanzia hapo Salim ni adui wa watoto tisa, na watamtumia ujumbe wa sauti usiku. Al-An'am aya 164 inasema hakuna mbebaji anayebeba mzigo wa mwingine. Kikapu kiwe cha kutia tu. Kosa lishughulikiwe kwingine.

Kadi ya maendeleo

Kwa watoto wa miaka 8 hadi 11, tukilazimika kuchagua kitu kimoja, tungechagua hiki. Ni karatasi ya visanduku 20, mzazi anaichapisha au anaichora kwa mkono, inabandikwa karibu na mahali mtoto anaposomea. Mtoto anaijaza mwenyewe mwalimu anapomwambia, na mwalimu ana nakala kwenye daftari lake. Kila kikao kuna visanduku viwili tu vya kupata, kwa hiyo kadi inakwisha kwa vikao kumi au zaidi kidogo.

Mambo yanayostahili kisanduku yawe yaleyale kwa muhula mzima, na yawe yanaonekana. "Kuwa mtoto mzuri" hakuonekani. Haya yanaonekana: amesikiliza mwenzake hadi mwisho bila kumkatiza, amedurusu aya tano nyumbani, na sauti yake imefika kwa mwalimu kabla ya kikao. Usiweke "ameingia kwa wakati" kama jambo la tuzo kwa mtoto anayeazima simu. Unampima baba yake.

Kadi inashindana na ya jana, si na ya jirani. Mtoto aliyechukua vikao kumi na mwingine aliyechukua kumi na sita wote wanamaliza, na hakuna anayeona kadi ya mwenzake. Kinachoharibu kadi mara nyingi ni uzembe wa mwalimu: anaacha kujaza hadi mwisho, Zoom inakata, visanduku vinabaki tupu, na wiki ijayo hakumbuki nani alistahili. Jaza kila mtoto anapomaliza zamu yake, dakika ileile.

Zawadi za mkononi, na gurudumu la bahati

Wahenga wamesema chanda chema huvikwa pete, na desturi ya pwani ya kumfanyia mtoto khitma (sherehe ya kuhitimu Qur'ani) ni pete yenyewe. Tatizo la zawadi ya kitu mtandaoni ni masafa. Kalamu ya shilingi mia itakayofika Maskati kwa elfu kadhaa haina maana. Wengi wanatuma pesa ya bando kwa mzazi. Hapo weka kiwango kimoja kwa wote na uwaombe wazazi wasiongeze chochote kwa jina la chuo. Mzazi wa Ulaya akimnunulia mwanawe baiskeli "kwa kuwa amemaliza kadi", watoto wengine watasikia kabla ya Magharibi.

Usiwe na bei ya sura. "Ukihifadhi Al-Mulk utapata kiasi fulani" kunamfanya mtoto ahesabu, na siku pesa inapokosekana sura inasimama. Zawadi isiyoahidiwa, inayokuja baada ya kazi kwisha, haina madhara hayo. Ukiwa umeahidi, basi toa, hata kama umegundua ahadi ilikuwa kubwa mno.

Gurudumu la bahati linalozunguka kwenye skrini linapendwa sana na watoto. Likiwa zawadi imetoka kwa mwalimu au kamati na mtoto hakulipa kitu kuingia, hiyo ni hiba. Wazazi wakichanga kila mmoja kiasi, kisha gurudumu likamchagua mmoja achukue kizima, umeingia kwenye kamari iliyokatazwa katika Al-Maida aya 90, hata kama jina lake ni "mfuko wa motisha". Hata likiwa halali, lina udhaifu wa malezi: linamtuza aliyebahatika, si aliyejitahidi. Tulitumie kuchagua nani asome kwanza.

Tuzo ya bei nafuu kuliko zote inasahaulika: dua kwa jina, kwa jambo lililotajwa. Ibn Abbas akiwa kijana mdogo alimwekea Mtume (s.a.w.) maji ya udhu, naye akamwombea Mwenyezi Mungu amfahamishe dini. Kitendo kimoja, dua moja inayolingana nacho, siku hiyohiyo. Linganisha na "mashallah, mashallah" ambayo mwalimu anaipiga kama kengele kwa kila mtoto, aliyesoma vizuri na aliyesoma vibaya. "Mashallah Rahma, leo ile ghunna umeipa harakati mbili kamili, Allah akufungulie" inachukua sekunde sita (ghunna ni sauti ya puani).

Kabla ya adabu: ni kosa, au ni mtandao?

Al-Hujurat aya 6 inaamuru kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Katika darasa la mtandaoni amri hii ina kazi kila dakika tano. Mtoto hajajibu: sauti imekatika, spika imezimwa, au kadogo kameikalia simu. Anaangalia pembeni: anasoma msahafu uliowekwa pembeni. Ametoweka: bando limekwisha. Ziulize hizo tatu kwanza, kwa mdomo na kwa utulivu, ndipo uite jambo hilo utovu wa adabu.

Kisha piga hesabu ya kikao chako. Watoto kumi kwa dakika tatu kila mmoja ni dakika 30. Maana yake kila mtoto anasoma tatu na anangoja 27. Hakuna mtoto wa miaka 7 anayeweza kukaa dakika 27 mbele ya skrini akisikiliza aya asiyoifikia bado. Fujo nyingi zinazotafutiwa adhabu zimezaliwa hapo. Gawa kundi liwe la watano, au mpe kila anayesubiri kazi, kama kusikiliza qalqala, yaani mtikiso wa baadhi ya herufi: "Wewe sikiliza qalqala tu, ukiisikia inua kidole." Walimu wawili wenye vikao viwili vya watoto watano watahitaji adhabu chache kuliko mmoja mwenye kumi na orodha ndefu ya kanuni.

Kuzima maiki, na ukumbusho wa jumla

Kuzima maiki ni kupanga zamu; usiifanye adhabu. Zima zote wakati mmoja, kisha fungua ya anayesoma. Ujue kwamba kwenye Zoom mwalimu anaweza kuizima maiki ya mtoto lakini hawezi kuifungua bila mtoto mwenyewe kukubali, kwa hiyo kikao cha kwanza kitumie kuwafundisha wadogo pa kubonyeza. Kumkata mtoto katikati ya aya kwa hasira ni kumvunjia kisomo chake, subiri waqfu, yaani pa kusimama.

Kosa dogo likitokea, anza na desturi ya Mtume (s.a.w.) ya kusema "wana nini watu wanaofanya hivi na hivi" bila kumtaja mtu. "Kuna maiki inacheka, tuizimeni" inatosha mara nyingi. Isipotosha, mwandikie mtoto peke yake kwenye gumzo. Panga mapema kwamba watoto waweze kuandika kwa mwalimu tu, si wao kwa wao. Hilo peke yake linaondoa nusu ya ugomvi. Mtoto asiyejua kusoma bado anahitaji ishara: kadi ya kijani mbele ya kamera ni "vizuri", ya njano ni "rejea". Imam al-Ghazali alishauri kosa la kwanza lifumbiwe macho, hasa mtoto mwenyewe akijitahidi kulificha, na likirudiwa aonywe faraghani, tena kwa uchache, kwa kuwa lawama nyingi humzoesha mtoto kulaumiwa. Gumzo la faragha lingemfurahisha.

Kukata nyota

ClassDojo na programu za namna yake zina alama za kuongeza na za kupunguza, na mwalimu mpya huona ni lazima azitumie zote mbili. Si lazima. Ukilinganisha kutokutoa nyota na kukata iliyokwisha kutolewa, ya kwanza ni matokeo na ya pili ni kunyang'anya. Nyota ya Jumatatu ilipatikana kwa kazi ya Jumatatu. Kelele za Jumamosi haziifuti kazi ile. Mtoto aliyebaki na nyota hasi hana cha kupoteza, na ndiye atakayekusumbua kuliko wote. Aya ya 114 ya Sura Hud inasema mema huondoa maovu. Mpe nafasi ya kutenda jema baada ya kosa katika kikao hichohicho, hata dakika ya 38: amsaidie mdogo kutafuta ukurasa, au amwombe radhi aliyemkatiza. Akifanya, kosa lisitajwe tena.

Chumba cha kusubiri

Hiki ndicho kinachofanana na "simama nje". Tofauti ni kwamba nje ya chuo kulikuwa na ukuta na mwembe. Nje ya Zoom kuna YouTube. Kitumie kwa kosa linalovuruga wote tu, kama matusi, baada ya maonyo mawili. Dakika mbili kwa mtoto chini ya miaka 8, tatu kwa mkubwa, uweke saa, na umrudishe kwa salamu kama kwamba ndiyo kwanza anaingia. Usibonyeze sehemu ya kumwondoa kabisa: kwa mpangilio wa kawaida wa Zoom aliyeondolewa hawezi kurudi katika mkutano uleule, kwa hiyo umemnyima darasa zima kwa kosa la dakika moja. Wala usimpeleke kwenye chumba kidogo ubaki naye wawili faraghani. Mzazi awe karibu, au mwalimu wa pili awepo.

Kuhusu kuchora kwenye skrini ya mwalimu, zima ruhusa ya kuchora kabla ya kikao kuanza. Kosa hilo halihitaji adhabu, linahitaji mpangilio.

Adhabu za ibada

Kuandika istighfari mara mia, kusoma Al-Baqara kwa kuchelewa, kuhifadhi sura ya ziada kwa kupiga kelele: tunazikataa zote. Unamfundisha mtoto kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu ni mzigo unaobebeshwa wakosaji. Kazi ya kulipia kosa iwe na uhusiano na kosa. Aliyeharibu zamu ya mwenzake amfanyie mwenzake huduma.

Kamera

Kuna walimu wanaomtia adabu mtoto kwa kumlazimisha afungue kamera muda wote. Lakini kamera ni mlango wa nyumba ya watu, na An-Nur aya 27 inakataza kuingia nyumba zisizo zetu bila kubisha hodi. Mama yuko jikoni hajajitanda, dada anapita. Kanuni inayofanya kazi ni hii: mtoto akae mgongo wake ukielekea ukuta, kamera ifunguliwe wakati wa zamu yake tu ili mwalimu aone mdomo na makharij (mahali herufi zinapotokea), na nyumba isiyoweza hata hivyo itumie sauti peke yake bila kupunguziwa kitu.

Ujumbe kwa mzazi

Ni chombo chenye nguvu kuliko vyote, na ndicho kinachoumiza zaidi. Mwalimu anaandika "mwanao leo amenitesa", anafunga simu, na nyumbani mtoto anachapwa. Fimbo haikuondoka, imebadilisha mkono tu. Wengine hutegemea hadithi ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwayo wakifika kumi (Abu Dawud). Hadithi hiyo inazungumzia swala, baada ya miaka mitatu ya kuamrishwa, na wanachuoni wameiwekea mipaka: si usoni, si kwa kujeruhi, si kwa hasira. Haizungumzii mtoto wa miaka saba aliyecheka kwenye Zoom. Mfano wa darasani ni wa Mu'awiya bin al-Hakam, aliyesema maneno ndani ya swala na watu wakamkodolea macho; alisimulia kwamba hakuwahi kuona mwalimu bora kuliko Mtume (s.a.w.), hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana (Muslim). Kwa walioko Kenya kuna na sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi au kumpa adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia.

Mwanahistoria Ibn Khaldun alieleza vizuri kwa nini ukali unaharibu: mtoto anayetendewa kwa ukali hujifunza uongo na hila ili kuukwepa. Mtandaoni hila hiyo ina jina. Ni "ustadhi, mtandao unakatakata", na kidole kiko kwenye kitufe cha kuzima.

Basi ujumbe uende kwa mzazi mmoja, kamwe si kwenye kundi la WhatsApp. Usubiri saa moja hasira ipoe. Mzazi awe amekwisha pokea kutoka kwako habari njema mbili kabla ya hii mbaya. Uwe na mistari michache tu, kwa mfano:

"Assalamu alaykum, mama Yusuf. Leo Yusuf amesoma Ad-Duha bila kukosea. Wakati wa zamu ya wenzake amefungua maiki mara nne akacheka. Naomba Jumamosi akae nawe sebuleni badala ya chumbani. Hahitaji adhabu, nimeshazungumza naye."

Sentensi ya mwisho usiiache.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| Nyenzo | Umri | Inapofaa | Inapoharibu |
|---|---|---|---|
| Nyota ya papo hapo | 5–7 | Kuanza muhula, kujenga tabia | Ikihesabiwa kwa sura, au ikikatwa |
| Kikapu cha darasa | wote | Darasa lenye bando tofauti | Tende zikitolewa kwa kosa la mmoja |
| Kadi ya visanduku 20 | 8–11 | Hifdhi na durusu | Ikijazwa kwa kukumbuka |
| Ubao wa washindi | wote | Maswali ya sira, kwa timu | Kisomo, kasi, orodha ndefu |
| Chumba cha kusubiri | 7 kwenda juu | Kosa linalovuruga wote | Zaidi ya dakika tatu |
| Ujumbe kwa mzazi | wote | Kosa lililorudiwa, kwa faragha | Kwenye kundi, au kwa hasira |

Darasa la sauti kwa WhatsApp peke yake lina mpangilio wake. Weka kundi liwe la wasimamizi tu kuandika, watoto wakutumie kisomo kwako binafsi, na tuzo iwe jibu la sauti lenye jina la mtoto na kosa moja la kurekebisha, si matano. Adabu huko karibu haihitajiki, kwa kuwa hakuna wa kumkatiza mwingine. Kinachohitajika ni mwalimu kujibu siku hiyohiyo. Sauti iliyokaa siku tatu bila kusikilizwa inamwambia mtoto kwamba hakuna anayengoja.

Mwisho wa muhula wengi huweka picha za watoto na vyeti vyao kwenye mtandao. Mwaka 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Cheti kitume kwa mzazi. Akipenda kukionyesha, atakionyesha mwenyewe.

Kadi ambazo hazijajaa zisianzishwe upya muhula mpya. Mtoto aliyefikia kisanduku cha 14 aanzie cha 15.